Maji Yetu Yaenda Pangani, Watoto Wetu Waenda Kariakoo

 Leo nataka tuzungumze juu ya mahali pawili ambapo sisi watu wa Bumbuli, huku milima ya Usambara, tunapataja mara kwa mara, na ambapo kwa maoni yangu hatupatendei haki. Pa kwanza ni Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Pa pili ni Pangani, mji mdogo wa pwani uliokaa pale mto unapoingia baharini.

Hebu tazama namna vitu vinavyotoka kwetu. Mvua ikinyesha huku milimani, maji ya upande mmoja hukimbilia bonde la Lwengera, ya upande mwingine hupita Soni na Mombo yakaingia Mkomazi, na yote huishia katika mto Pangani. Kutoka hapo safari ni moja, mpaka Bahari ya Hindi. Kabichi, karoti, viazi, peasi na plamu haziendi huko. Hizo hupakiwa zikapelekwa Dar es Salaam, na nyuma ya kabichi wanafuata watoto. Nyumba gani ya Mponde, ya Mgwashi au ya Vuga isiyo na kijana Kariakoo au jirani yake? Na nyumba ngapi zina kijana Pangani?

Ukikaa kijiweni pale Soni utasikia hukumu. Vijana watakwambia Kariakoo ni kwa wajanja na Pangani ni kwa wavivu. Wazee watasema kinyume: Kariakoo ni kwa matapeli, Pangani ndiko kwenye ustaarabu. Mimi nasema pande zote mbili zinatazama sura za watu zikasahau kuuliza historia ya mahali. Haraka ya mtu wa Kariakoo hakuzaliwa nayo. Utaratibu wa mtu wa Pangani nao una sababu zake, na nyingine ni za kusikitisha. Ukitaka kuijua tabia ya mahali, uliza mzigo unaingiaje pale, nani anaubeba, na mbebaji analipwa lini. Kwa njia hiyo nitapitia mahali petu pawili leo, na nitaanza na Kariakoo, maana ndiko tunakodhani tunakujua.

Eneo lile lilikuwa shamba la minazi. Wajerumani walilipima mitaa kwa ajili ya Waafrika, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916 na kulifanya kambi ya wapagazi wa jeshi. Hao walikuwa wanaume waliokusanywa kutoka kila upande wa nchi hii, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na unga wa vita ambavyo havikuwa vyao. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Leo ukitembea Kariakoo utapita Mtaa wa Mahiwa, Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamti. Hayo ni majina ya mahali palipopigwa vita kule kusini mwaka 1917. Kijana wetu anauza kandambili hapo tangu asubuhi hadi jioni, na hajaambiwa na mtu yeyote kwamba amesimama juu ya kumbukumbu ya watu waliokuwa na kazi kama yake, kazi ya kubeba.

Baada ya vita watu wakajenga. Nyumba zilikuwa za Kiswahili kwelikweli: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, baraza mbele. Mpangaji wa kila chumba na kabila lake, wote wakitumia choo kimoja na kisima kimoja. Humo ndimo watu wa makabila mbalimbali walimojifunza kuishi pamoja mjini. Klabu ya Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na mpaka leo makao yao hayako mbali na soko. Tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955, mmoja wa waliompokea ni Abdulwahid Sykes, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Natamani msikilizaji ulitafakari hilo. Uhuru wa nchi hii ulipikwa na watu wa sokoni, wenye nyumba za baraza, waliozoea kukaa na mgeni wasiyemjua jana.

Kwa hiyo anayesema Kariakoo ni mahali pasipo utu hajui anachosema. Lakini ni kweli kwamba utu wa pale una haraka, na haraka hiyo inatoka kwenye kodi. Zile nyumba za ukumbi zimevunjwa, tangu miaka ya 1990 ghorofa zimepanda juu yake, na chini ya kila ghorofa kuna fremu zilizokatwa na kukatwa tena mpaka nyingine zinamtosha mtu mmoja na bidhaa zake tu. Anayetaka fremu nzuri mtaani Kongo au Mchikichi hulipa kodi, na mara nyingi kabla ya kodi hulipa kilemba kwa anayeondoka. Ukishalipa fedha hiyo, saa moja ya mlango kufungwa ni hasara. Utamsalimu mteja, ndiyo, lakini macho yako yatakuwa mikononi mwake.

Nilipokuwa kijana nilishuka huko na matenga ya plamu ya mjomba wangu. Tulifika kabla ya alfajiri, tukateremsha shimoni, ile sehemu ya chini ya soko kuu. Jengo lile alilisanifu Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miamvuli ya zege limetengenezwa likinge maji ya mvua. Nilikuwa nimelisikia redioni, nikawa natazama juu kama mtu aliyeingia msikitini mara ya kwanza. Dalali hakunipa nafasi ya kutazama. Alifunua majani ya mgomba juu ya tenga, akaminya tunda moja kwa kidole gumba, akaminya la pili, akalitikisa tenga kusikia kama ya chini yamebonyea, kisha akataja bei huku ameshageukia tenga la jirani. Hakuniuliza jina, wala Bumbuli iko wapi. Bei ilikuwa chini ya ile aliyonipa mjomba kama kikomo. Nikasema ngoja nifikiri. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, plamu haingoji."

Maneno yale nimeyafikiria miaka mingi, na nimeona yalikuwa ya kweli kwake na kwangu pia. Tunda letu linaiva kwa mkupuo, Desemba na Januari, milima mizima inavuna wiki zilezile, na halina pa kuhifadhiwa. Ukishuka nalo umeshashindwa nusu ya mazungumzo. Dalali hakuwa mtu mbaya. Aliutumia udhaifu ambao sisi wenyewe tulimpelekea juu ya gari.

Sitamsamehe dalali kwa lumbesi, hata hivyo. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Wewe na mimi tunajua linavyofungwa gunia la viazi au kabichi huku kwetu: linajazwa, linashonewa kilemba juu, linapandishwa kamba mpaka linakuwa na shingo na kichwa. Mkulima analipwa gunia moja. Sokoni linafunguliwa, linapimwa kwa kilo au kwa visado, na lile la juu lote ni la wengine. Kila mwaka tunasikia katazo, na kila msimu magunia yenye vichwa yanashuka Mombo mchana kweupe. Mkulima wa Mayo na mwanamke wa Funta aliyebeba kichwani mpaka barabarani ndio wanaogharamia ile haraka ya mjini.

Nimesema tabia ya Kariakoo inatokana na mzigo. Basi nikupe na upande wake mwema, maana upo na ni mkubwa. Kuna kitu wafanyabiashara wanakiita mali kauli. Mwenye duka la jumla anakupa bidhaa kwa neno lako tu, ukauze, urudishe fedha yake jioni au mwisho wa wiki. Hakuna karatasi wala dhamana ya nyumba. Vijana wengi wa Kisambaa walioanza kwa kubeba mizigo wamepata duka kwa njia hiyo: alianza kuli, akawa winga anayewaongoza wateja dukani na kupata cha juu yake, siku moja tajiri akamwambia chukua dazeni tano kauze. Akirudisha, kesho anapewa kumi. Asiporudisha, habari yake inafika Msimbazi na Gerezani kabla ya giza kuingia. Benki gani ingemwamini kijana wa darasa la saba kutoka Dule namna hiyo?

Na usisahau mambo yaliyowapata watu wale. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, na wengi waliamka asubuhi hawana chochote. Mei 2023 wakafunga maduka kwa siku kadhaa kupinga kamatakamata ya kodi, mpaka Waziri Mkuu akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka, watu zaidi ya 20 wakafa. Siku ile, kabla vifaa vikubwa havijafika, watu wa mtaani walikuwa wameshaanza kuvunja zege kwa nyundo na kuondoa kifusi kwa mikono yao. Hao ndio tunaowaita wasio na utu.

Tuiache Kariakoo hapo. Twende Pangani.

Kutoka Tanga mjini ni kilomita kama 50 kuelekea kusini, njia ikipita katikati ya minazi na mashamba ya mkonge. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ni Bweni, na watu huvuka kwa kivuko, pikipiki, mbuzi, matenga ya samaki na wanafunzi pamoja. Kuna majumba ya kale yenye milango ya nakshi, mengine kuta zimebaki nusu na mtini umeota ndani. Kuna boma. Kuna misikiti, minazi, na mbele ya karibu kila nyumba kuna baraza ya kukalia.

Jambo la kwanza litakalokushangaza wewe uliyezoea Kariakoo ni maswali. Utaamkia shikamoo, utaitikiwa marahaba, kisha utaulizwa umetoka wapi, kwa nani, mzee wako nani, umefikia nyumba gani. Ukisema Bumbuli utaulizwa Bumbuli ya wapi, na atatokea mzee atakayekumbuka Msambaa mmoja aliyefanya kazi naye kwenye mkonge. Hapo ndipo biashara inaanza. Vijana wetu wanaona huo ni upotevu wa wakati. Wakumbuke mji wa bandari ulikuwa unapokea kila aina ya mtu kutoka baharini na kutoka bara, mwema na mbaya, na aliyemkopesha mgeni bila kumjua nasaba yake angeliliwa mali yote msimu mmoja. Maswali yale ndiyo daftari la pale. Yanachukua muda kwa sababu yanapima jambo ambalo kidole gumba juu ya plamu hakiwezi kulipima.

Jambo la pili ni saa. Pangani ina saa ya ukutani kama kila mahali, ila wavuvi wanafuata nyingine. Asubuhi moja nilikaa ufukweni na mzee mwenye ngalawa, nikimngojea atoke. Nyavu zilikuwa tayari, tanga limekunjwa, vijana wake wawili wamekaa juu ya mchanga wakinywa kahawa chungu. Mimi nikaona wanachelewa. Yule mzee alikuwa akiangalia jiwe moja lililotokeza majini. Maji yalipolifunika tu akasimama, hakusema neno, na katika muda mfupi ngalawa ilikuwa inaelea na imeshavuka pale kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa mto, ambapo nusu saa kabla ingekwama. Akaniambia baadaye kwamba siku za bamvua maji huja kwa nguvu na kuondoka kwa nguvu, siku za maji mafu yanasogea kidogo tu, na wakati wa kusi zipo siku ambazo mwenye akili hatoki kabisa. Wenye taa za dagaa nao wanangoja giza la mwezi. Kazi yao ikianza hawalali. Wewe ukipita saa nne asubuhi ukawakuta wamelala chini ya mkungu, unawaandika wavivu, kumbe wametoka baharini alfajiri.

Hata hivyo sitaki kuipamba Pangani. Ni kweli mji umepungukiwa. Kijana wa pale akimaliza shule hana pa kushika, naye anapanda basi kwenda Tanga au Dar es Salaam kama wetu. Lakini upungufu huo una tarehe.

Karne ya 19 Pangani ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Misafara ya pembe za ndovu ilifuata bonde la mto kwenda Kilimanjaro, nchi ya Wamasai na mbele yake. Watumwa nao walipitishwa hapo, na walilimishwa mashamba ya miwa yaliyokuwa kando ya mto. Utajiri wa majumba yale ya nakshi una machozi ndani yake, na ni lazima tulitaje hilo kila tunapoyasifu. Na sisi wa milimani tulikuwemo. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga, ambayo leo imo katika Halmashauri yetu ya Bumbuli, madiwani, yaani wakuu, wa vijiji kadhaa vya pwani walihitaji kukubaliwa na Vuga upande mmoja na Unguja upande wa pili. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipotaka kumwona mwaka 1857 walipanda kutoka Pangani, wakamkuta Kimweri ni mzee mgonjwa, naye akawataka dawa. Njia ya kutoka duniani kuja kwetu ilipita Pangani. Hakukuwa na nyingine yenye heshima kama hiyo.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikaja kupandisha bendera yake. Wakala wake pale Pangani, Emil von Zelewski, aliwatweza watu mpaka msikitini. Mji ule mnaouita wa wavivu ndio uliowaka kwanza. Watu walimkataa Mjerumani, wakawakusanya wa mashambani, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wao. Iliwabidi Wajerumani walete jeshi zima chini ya kamanda wao Wissmann, wakaurudisha mji Julai 1889 kwa mizinga, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo wakamnyonga Abushiri papo hapo Pangani. Zelewski mwenyewe aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891.

Halafu ikaja adhabu ya polepole, ile isiyoandikwa katika hukumu yoyote. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Tanga ina ghuba yenye kina na iliyokingwa na mawimbi, wakati Pangani ina lile fungu la mchanga linalozuia meli kubwa. Reli ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila kituo kilipofunguliwa, msafara mmoja zaidi uliacha kushuka Pangani. Mpagazi aliyezoea kuteremsha mzigo mbele ya baraza zile akawa hana sababu ya kwenda huko. Sisi wa Usambara tulikuwa wa mwanzo kugeuka, kwa kuwa reli ilijengwa hasa kwa ajili ya mazao ya milima yetu.

Mwaka uleule wa 1893 mkonge uliingia. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo nchi hii ilifika kutoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, na Pangani ikapumua tena. Kisha kamba za plastiki zikaivunja bei ya dunia, mashamba yakaota msitu, na watu waliokuja kutoka mbali kukata mkonge wakabaki na vibanda vyao.

Mji uliopokonywa msafara, ukapewa mkonge, ukapokonywa mkonge, utaujua kwa jambo moja: hauamini haraka. Akija mtu na ahadi mpya, watu wa Pangani watamkaribisha, watampa kahawa na kashata, watamsikiliza mpaka mwisho, na watasubiri. Mimi hilo naliona ni akili. Mahali pale ndipo alipozaliwa Shakila Saidi, aliyeimba na Black Star ya Tanga na baadaye JKT Taarab. Sikiliza anavyoimba, jinsi asivyolikimbilia neno, jinsi anavyoiacha fidla itangulie. Huwezi kuniambia sauti ile ingelelewa kati ya fremu za Mtaa wa Kongo.

Nimekaa sana Pangani, msikilizaji, na nimefanya hivyo makusudi, maana mambo yanabadilika sasa hivi. Barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, zaidi ya kilomita 240, serikali inaijenga, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto Pangani. Daraja likiwa linapitika, lori la kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam halitalazimika kuzunguka Segera na Chalinze. Pangani itakuwa njiani tena, baada ya zaidi ya miaka mia moja ya kuwa pembeni.

Nina hofu, na naitamka wazi. Haraka ya Kariakoo itavuka daraja lile pamoja na magari. Ardhi ya ufukweni itatafutwa na watu wasioulizwa ni wana wa nani. Mwenye minazi 20 aliyoachiwa na babu yake ataminywa kama ile plamu yangu, na ataambiwa kwamba bei haingoji. Wale wanaosema Pangani inahitaji kuamshwa wajue kwamba haijalala, na waseme kwanza nani atakayefaidika ikikurupushwa.

Na ninayo haja ya upande wetu, watu wa Bumbuli. Halmashauri yetu tuliipata mwaka 2013 kwa kukatwa kutoka Lushoto, na tumeshazoea kuomba barabara. Tuombe, ni haki yetu. Njia ya Soni hadi Bumbuli wakati wa masika tunaijua. Lakini barabara bila utaratibu wa kuuzia itaipeleka lumbesi mjini kwa mwendo mkali zaidi. Tumeona kwa chai. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa, miaka ikapita, na wakulima wengi waliacha michai ikawa miti, kwa sababu jani bichi nalo haliwezi kungoja. Mkulima wa milimani ana mazao ya haraka na hana sauti kwenye bei, hapo ndipo penye shida yetu yote, na hakuna kijana wetu mmoja atakayeimaliza kwa ujanja wa Kariakoo.

Ningependa vyama vyetu vya ushirika vitume watu Pangani na Bweni mapema, kabla magari hayajawa mengi. Waende na karoti na viazi, wakae barazani, wajibu yale maswali yote bila kukunja uso, wajue nani ananunua kwa ajili ya hoteli za Ushongo na nani anaweza kuturudishia dagaa na nazi kwa gari lilelile. Wasitume kijana mwenye haraka peke yake. Wampeleke na mtu mzima anayejua kusalimia. Na wale wetu walioshika maduka Kariakoo, waliopata mtaji kwa mali kauli, wafundishe vyama hivyo kuandika hesabu ya kila tenga, maana hilo wanalijua kuliko sisi tuliobaki huku.

Mzani wa kwanza ningeuweka pale Soni, njia panda, ambapo kila gunia la Bumbuli linapita kabla ya kushuka Mombo. Uwe mzani wa chama, uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mtu wa kuusimamia mwenye mshahara wa kutosha asirubuniwe. Gunia lenye kichwa lifunguliwe hapohapo mbele ya mwenye shamba, ziada ipimwe, na alipwe fedha yake kabla Fuso halijawasha moto.